Baiolojia na Kiingereza kwenye digrii moja: mwongozo kamili kwa vijana wa Tanga

Matokeo ya fomu siksi yakishatoka tu, hapa Tanga swali linalorudi kila mwaka ni la yule mtoto ambaye baiolojia anaipenda mpaka anakesha nayo, na Kiingereza nacho anakipenda, anasoma riwaya, anaandika insha mpaka mwalimu anazisomea darasa zima, sasa akifungua orodha ya kozi za vyuo anakuta huku sayansi, huku sanaa, katikati hamna kitu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa hapa mjini na ninachowaambia wadogo zangu ni hiki: vyote viwili vinasomeka, ila kwa vyuo vyetu fanya baiolojia iwe ndo jina la digrii, na Kiingereza ukiingize ndani yake kwa mipango kuanzia mwaka wa kwanza.

Kwanini baiolojia ndo iwe jina? Maabara. Darubini, kemikali, vielelezo, fildi ya kwenda na lekchara anakuonyesha hiki ni nini na kile ni nini, hayo huwezi kuyapata ukiwa umekaa chumbani kwako Makorora. Kiingereza kinataka mwalimu pia, nisikidharau, lakini sehemu yake kubwa ni kusoma sana, kuandika sana na kupata mtu wa kukusahihisha, na hayo unaweza kuyafanya popote ulipo. Halafu kuna ajira, tangazo la kazi serikalini linataja fani ya digrii kwa jina, ukiwa na cheti ambacho hakitajwi kwenye tangazo hata uwe unajua kiasi gani mfumo hautakuchukua. Kwahiyo jina la cheti ni jambo zito, litangulie.

Hatua ya 1: angalia kombi (tahasusi) yako imekufungulia milango ipi

Kombi za zamani zilikuwa hazikutanishi baiolojia na Kiingereza kabisa. Baiolojia ilikuwa kwenye PCB (fizikia, kemia, baiolojia), CBG (kemia, baiolojia, jiografia), CBA na CBN, Kiingereza kwenye HGL (historia, jiografia, Kiingereza), HKL na KLF. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya nyingi, kwahiyo kama bado uko fomu foo kaa na mwalimu wa taaluma muipitie orodha yote na muone shule ipi inafundisha ile unayoitaka, maana tahasusi kuwepo kwenye karatasi na shule kuwa na walimu wake ni mambo mawili.

Kwa aliyekwisha maliza, hesabu iko hivi. Vyuo vinaangalia prinsipo mbili, yani masomo mawili ya fomu siksi uliyofaulu kwa A mpaka E, na pointi zake, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kila programu ina masharti yake kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kinachotoka kila mwaka. Kipakue kile kitabu chote, usitegemee picha iliyokatwa mtu akaituma kwenye grupu la wasap. Ukiwa umetoka PCB au CBG, digrii ya sayansi unaingia kwa baiolojia na kemia yako. Digrii ya Kiingereza mara nyingi itataka prinsipo ya Kiingereza ambayo huna, na wewe wa HGL baiolojia ya chuo ndo itakukatalia. Kwa wa HGL sisemi uongo, njia ya kuingia maabara ni ngumu, wewe shika Kiingereza kama jina la digrii, na upande wa baiolojia nenda kwenye lugha ya afya na mazingira, nitaigusa mbele.

Hatua ya 2: jua njia zilizopo, maana hazifanani

Ya kwanza ndo hiyo niliyosema, digrii ya sayansi upande wa baiolojia, iwe botania, zoolojia, baiolojia ya bahari, mikrobaiolojia, halafu unachukua kozi za lugha kwenye nafasi za kuchagua.

Ya pili ni ualimu, na hapa watu wengi wanajichanganya. Digrii ya ualimu ina masomo mawili ya kufundishia, mtoto anafikiri basi atachukua baiolojia na Kiingereza vikae pamoja vizuri. Kwa kawaida haiwi hivyo, ualimu wa sayansi unaunganisha baiolojia na kemia, jiografia au hesabu, na ualimu wa sanaa unaunganisha Kiingereza na historia, Kiswahili au jiografia, ratiba zao zenyewe hazikutani. Kabla hujajaza uliza chuo husika kama kinaruhusu jozi hiyo, na wakikwambia inaruhusiwa omba uonyeshwe ilipoandikwa. Ukishindwa, chukua ualimu wa sayansi. Shuleni kwetu mwalimu wa baiolojia anayejua kueleza kwa Kiingereza kinachoeleweka ni hazina, kwasababu mtoto anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili anaingia fomu wani anakutana na usanisinuru kwa lugha ambayo bado hajaimudu, anafeli lugha halafu sisi tunaandika kafeli baiolojia.

Ya tatu ni Chuo Kikuu Huria, OUT, ambao wana kituo cha mkoa hapa Tanga. Inamfaa zaidi aliye kazini au mwenye familia, unasoma kwa mwendo wako. Ila kwa sayansi uliza mapema sana praktiko zinafanyikia wapi na lini, maana itabidi usafiri na uombe ruhusa kazini.

Ya nne ni kusoma nje, hiyo ina hatua yake huko chini.

Hatua ya 3: hesabu krediti kabla hujajibebesha

Hapa naomba utulie kidogo na kalamu. Kwa mfumo wa TCU krediti 1 ni masaa 10 ya kazi, lekcha, praktiko na kusoma mwenyewe vyote ndani. Mwaka mmoja ni krediti 120, digrii ya miaka mitatu ni 360. Yani semista moja ni kama krediti 60, masaa 600. Sasa ukiongeza kozi moja ya Kiingereza ya krediti 8 juu ya hizo, umejiongezea masaa 80, ukigawa kwa wiki 15 za masomo ni zaidi ya masaa 5 kila wiki, na mwanafunzi wa baiolojia mchana wake tayari umeliwa na maabara.

Kwahiyo kanuni yangu ni kwamba kozi ya Kiingereza iingie mahali pa kozi ya kuchagua, usiibebe juu ya mzigo kamili. Kila programu ina kozi za lazima na za kuchagua. Chukua orodha ya kozi za miaka yote mitatu siku ile ya kwanza, piga mstari kwenye za lazima zote, zinazobaki ndo nafasi zako. Mwaka wa kwanza nafasi ni chache mno, hapo itumie vizuri ile kozi ya stadi za mawasiliano ambayo wengi wanaichukulia poa, ni ya Kiingereza cha kitaaluma, unafundishwa kunukuu, kufupisha na kupanga hoja, na ni ya bure kwako kwasababu ni lazima uisome. Mwaka wa pili nafasi zinaanza kuonekana. Mwaka wa tatu riseachi inakula muda, usiweke zaidi ya kozi moja ya lugha.

Na vipindi kugongana usikuone kitu kidogo. Lekcha ya Kiingereza saa nane mchana na lebu ya jenetiki saa nane mchana, hapo lebu inashinda kila mara. Ukikosa praktiko kozi weki (alama za kazi za semista) inashuka, ukishuka unaingia kwenye sapu, yani mtihani wa marudio, sapu ikikataa unakeri, yani unaibeba kozi kuirudia mwaka unaofuata. GPA, yani wastani wa alama zako zote, ya daraja la kwanza inaanzia 4.4 kati ya 5, la pili la juu 3.5, na bodi ya mikopo inakulipia miaka ya programu yako, ukirefusha mwenyewe kwa ajili ya kozi za ziada usitegemee bumu, pesa ya mkopo, likufuate.

Hatua ya 4: nenda kwa mkuu wa idara ukiwa umejiandaa

Hii iko ndani ya uwezo wako na wengi wanaiogopa bure. Kozi ya idara nyingine inahitaji kibali, mara nyingi saini mbili, ya idara yako na ya wao. Jua kwanza unachotaka ni kipi, maana Kiingereza chuoni sio kitu kimoja, kuna isimu yani sayansi ya lugha, fonolojia (sauti), sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana) na wenzake, na kuna fasihi yani riwaya, ushairi, tamthilia, na unaweza kukuta zinakaa idara tofauti. Mtu wa baiolojia namshauri aanze na kozi ya uandishi kama ipo, afuatie isimu ya utangulizi, ambayo ina uchambuzi kama wa sayansi na hutojisikia mgeni. Fasihi ichukue kama moyo wako uko huko kweli.

Nenda wiki ya usajili, asubuhi, na karatasi yenye ratiba yako imechorwa ikionyesha hakuna mgongano. Ongea kwa ufupi na heshima. "Shikamoo Dokta. Naitwa fulani, niko mwaka wa pili baiolojia. Naomba kusoma kozi ya uandishi ya idara ya lugha semista hii badala ya ile ya kuchagua, ratiba yangu hii hapa, hazigongani, na nataka baadae nifanye kazi ya kuandika masuala ya afya." Imetosha, nyamaza umsikilize. Akikataa muulize kama anaruhusu uhudhurie bila kufanya mtihani, wengi hawana shida na hilo, haitaonekana kwenye transkripti lakini elimu umeipata.

Hatua ya 5: fanya ripoti za lebu kuwa darasa lako la Kiingereza

Hapa ndo masomo mawili yanakutana kweli kweli, na haihitaji kibali cha mtu. Kila wiki unaandika ripoti, basi kila wiki una insha ya Kiingereza ya kusahihishwa.

Chukua mfano wa mikoko ya huku kwetu Sahare. Umeshuka maji yakiwa yamekupwa, umefunga kamba mraba wa mita 10 kwa 10, ndani unahesabu miti mikubwa, miche, na visiki vilivyokatwa. Kwenye daftari unaandika kwa penseli, sio kalamu ya wino, maana tope na maji ya chumvi yakigusa wino kazi ya asubuhi nzima imefutika. Unaandika mchu, mkoko, mlilana, mkandaa kama wavuvi wanavyoita, nyumbani ndo unaweka majina ya kisayansi: Avicennia marina, Rhizophora mucronata, Sonneratia alba, Ceriops tagal. Herufi kubwa kwenye jina la jenasi tu, spishi ndogo, yote kwa mlazo au kupigiwa mstari ukiandika kwa mkono, na ukilitaja mara ya pili unafupisha A. marina. Vitu vidogo hivyo lekchara anavitafuta kwa jicho.

Halafu uandishi wenyewe. Sehemu ya mbinu iandike kwa wakati uliopita kwasababu ni jambo ulilofanya, ukweli unaojulikana wa mmea uandike kwa wakati uliopo. Matokeo yaseme kilichoonekana tu, miche ilikuwa mingapi upande wa bahari, mingapi upande wa nchi kavu, usianze kueleza sababu hapo. Sababu zinakuja kwenye mjadala, na hapo wanafunzi wengi wanaporomoka, wanarudia namba zile zile kwa maneno mengine. Mjadala mzuri unachagua jambo moja, mfano kwanini miche imepungua karibu na visiki, unaleta maelezo mawili yanayowezekana, kivuli kimepungua jua linakausha tope au watu wanapita wanakanyaga, halafu unasema data yako inaelemea lipi na ni kitu gani hukupima. Mtu wa fasihi akichambua shairi anafanya kazi hiyo hiyo, anashika ushahidi kwenye mistari, anapima maana mbili, anatetea moja. Ukisoma kozi za pande zote mbili utaiona mwenyewe na utaanza kuandika kwa kujiamini.

Ukimaliza ripoti isome kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi igawe mbili. Halafu mpe mwenzako wa idara ya lugha aipitie, na wewe mlipe kwa kumfundisha takwimu, hawa ni marafiki wa kuwatafuta kwa makusudi kuanzia mwaka wa kwanza.

Hatua ya 6: likizo ukirudi Tanga usikae bure

Nasema hili kwa uchungu kidogo maana vijana wetu wanaenda Dar kutafuta vitu ambavyo vimejaa mlangoni kwao. Amani pale Muheza, milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na bustani ya mimea ipo mpaka leo ndani ya hifadhi. Lile ua maarufu duniani linaloitwa Saintpaulia, ambalo watu wa Ulaya wanaliweka madirishani, asili yake ni milima hii, lilipewa jina la kisayansi mwaka 1893, na miaka ya karibuni baada ya uchunguzi wa vinasaba wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi Streptocarpus. Hiyo peke yake ni makala nzima kwa kijana anayejua baiolojia na anajua kuandika. Mapango ya Amboni yana popo. Baharini kuna silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na huku kwetu kuna hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano wanatafiti mkonge. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo Muheza wanachofanyia kazi za malaria na magonjwa mengine.

Omba nafasi ya fildi kwenye taasisi hizi kwa barua ya chuo, mapema, miezi kadhaa kabla ya likizo. Na kwenye barua taja uwezo wako wa kuandika, sema unaweza kusaidia kuandaa vipeperushi, kuhariri ripoti, kuandika maelezo ya vibao vya njia za msituni kwa lugha mbili. Maombi ya kushika darubini ni mengi, anayejitolea kuandika vizuri ni nadra. Kila likizo toka na kitu kimoja kilichoandikwa na kukamilika, makala ya kurasa mbili inatosha, kiweke kwenye faili lako.

Wewe wa HGL niliyekwambia nitakugusa, hapa ndo pako. Huna maabara, lakini vipeperushi vya afya, maelezo ya hifadhi na tafsiri za fomu za ridhaa za watafiti vinahitaji mtu wa lugha anayejua chembe, vimelea na kinga ni nini. Rudia vitabu vya baiolojia vya fomu tatu na foo, kwa kazi hizo vinakutosha kuanzia.

Hatua ya 7: riseachi ya mwisho iunganishe vyote

Anza kuifikiria mwaka wa pili. Chagua swali la baiolojia ambalo haliwezi kujibiwa vizuri bila lugha. Mfano, wanafunzi wa fomu tuu (kidato cha pili) wanaelewa vipi mzunguko wa maisha ya kimelea cha malaria wakiulizwa kwa Kiingereza na wakiulizwa kwa Kiswahili. Au mabango ya afya ya zahanati, mgonjwa akishayasoma anabaki na nini. Msimamizi mkuu atoke idara yako ya sayansi, wa pili umuombe idara ya lugha, na uhakikishe wote wawili wamekubaliana juu ya mbinu kabla hujakusanya data, vinginevyo kila mmoja atakuvutia kwake mwezi wa mwisho. Ukigusa watu na afya zao kuna kibali cha maadili, kamati ya taifa iko NIMR na chuo kina taratibu zake, uliza mapema maana vibali vinachukua muda.

Hatua ya 8: kama unaangalia nje

Marekani ndo mfumo unaoruhusu jambo hili waziwazi. Digrii ya kawaida ni miaka minne, krediti kama 120 za kwao, ambazo hazilingani na zetu, na unaweza kusoma fani kuu mbili, baiolojia na Kiingereza, au moja kuu na nyingine ndogo, na unatangaza fani yako kwa kawaida mwisho wa mwaka wa pili. Rachel Carson, mwanabaiolojia wa bahari aliyeandika juu ya madhara ya viuatilifu, alianza chuo akisoma Kiingereza, akahamia baiolojia, akamaliza 1929. Uingereza unachagua fani kabla ya kuingia, ila University College London wana digrii ya sanaa na sayansi kwa pamoja tangu 2012. Karibu zaidi, American University in Cairo wanafundisha fani zote mbili. Angalia kwanza ufadhili, halafu ndo jina la chuo.

Tahadhari moja kwa wanaotaka udaktari. Marekani mtu anasoma digrii yoyote kwanza, hata ya Kiingereza, mradi amechukua masomo ya sayansi yanayotakiwa, halafu anaomba shule ya udaktari. Kwetu ukitokea fomu siksi unaomba udaktari moja kwa moja kwa prinsipo tatu za fizikia, kemia na baiolojia. Usichukue ushauri wa video ya Marekani ukajazia fomu ya Tanzania.

Hatua ya 9: mzazi na kazi

Mzazi atauliza utakula nini, na ana haki. Usimjibu kwa hasira. Mkalie baada ya chakula, "Baba, digrii itaandikwa sayansi, ajira za sayansi zote naziomba kama wenzangu, Kiingereza ni cha kuniongezea," na umuonyeshe matangazo halisi ya kazi uliyoyachapisha, sio maneno. Kazi zenyewe zipo: kufundisha, kuhariri majarida ya kitaaluma, kuandika nyaraka za majaribio ya dawa, mawasiliano ya umma kwenye hifadhi na miradi ya afya, kuandika maombi ya fedha za miradi, uandishi wa habari za sayansi, kuongoza watalii wanaokuja kwa ajili ya ndege na vipepeo.

Kwenye CV usiandike tu kwamba unajua Kiingereza, kila mtu anaandika hivyo. Taja kozi za lugha kwa majina kama zinavyoonekana kwenye transkripti, taja kichwa cha riseachi yako na wasimamizi walitoka idara zipi, halafu ambatanisha kazi tatu kutoka kwenye lile faili: ripoti moja ya kisayansi, makala moja ya kusomwa na mtu wa kawaida, na moja uliyoandika kwa Kiswahili juu ya jambo hilo hilo. Dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa jaza ndani ya wiki ya kwanza, na ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja ingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka uthibitishe kwa ile namba ya siri wanayotuma kabla muda haujaisha.